"Ndiyo Mwalimu" Haitoshi: Tunachoweza Kujifunza kwa Rubani na Mwongoza Ndege

Wanachuo wenzangu, sisi wa Elimu tuna swali letu moja tunalolipenda kuliko yote: "Mmeelewa?" Na darasa zima lina jibu lake moja: "Ndiyooo mwalimu!" Kisha unakusanya madaftari, unaanza kusahihisha, unajiuliza hilo "ndiyo" lilikuwa linajibu nini hasa.

Makala haya yanatoka nje ya darasa kwa muda. Yanakwenda mahali ambapo "ndiyo" tupu haikubaliki hata kidogo: kwenye redio kati ya rubani na mwongoza ndege, ndege ikiwa inakaribia kutua. Mimi si rubani wala sisomei uanahewa. Nilianza kusoma ripoti za ajali za ndege nilipokuwa natafuta mfano wa kazi ya kikundi kwenye kozi ya mawasiliano darasani, nikajikuta nasoma kama notsi za Mbinu za Kufundisha. Ajali tatu nitakazozieleza hapa hazikuanza na injini kulipuka. Zilianza na mazungumzo. Na kila moja inaonyesha aina yake ya kutoelewana, aina ambazo sisi tunazo kila siku, ila kwetu hazipigi kelele zikitokea.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe

Ndege haiongozwi na mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa safarini juu, inasimamiwa na kituo cha eneo. Ikikaribia uwanja, inakabidhiwa kwa waongoza ndege wanaopanga foleni ya kutua. Ikiwa karibu kabisa inakabidhiwa kwa mnara, ambao ndio unaotoa ruhusa ya kutua. Ikishagusa ardhi na kuiacha njia, inapokewa na anayesimamia mienendo ya chini. Kwa hapa kwetu Tanzania, kazi ya kuongoza ndege iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kila makabidhiano yana maana rubani anabadilisha masafa ya redio na kuanza kuongea na mtu mpya ambaye hakusikia alichosema kwa yule wa kwanza. Likumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

Redio yenyewe ni ya zamu. Mmoja akibonyeza kitufe kuongea, wengine wote kwenye masafa hayo wanatakiwa kunyamaza. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, zinagongana, inasikika mluzi au mkoromo tu. Hamwonani nyuso, hamwonani mikono. Na wakati huohuo ndege kubwa ya abiria inakuja kutua kwa mwendo wa karibu kilomita 250 kwa saa, marubani wanapunguza kasi, wanashusha magurudumu, wanasoma orodha ya ukaguzi. Ndiyo maana Marekani tangu 1981 ina kanuni kwamba chini ya futi 10,000 hakuna porojo ndani ya chumba cha marubani. Habari za mpira zinasubiri mpaka chini.

Katika hali hiyo, wenzetu hawa wameweka utaratibu mmoja ambao ndio moyo wa makala haya: ukipewa agizo muhimu, unalirudia.

Kurudia kunavyofanya kazi

Chukua mfano wa kubuni wa ndege inayokuja kutua Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Mazungumzo halisi huwa kwa Kiingereza, nayaweka kwa Kiswahili ili tuone umbo lake:

Mwongoza ndege: "Shuka hadi futi elfu tatu, mgandamizo 1012."
Rubani: "Nashuka hadi futi elfu tatu, mgandamizo 1012."

Na baadaye:

Mnara: "Njia 05, ruhusa ya kutua."
Rubani: "Ruhusa ya kutua, njia 05."

Kila upande hutaja pia jina la safari, ili ndege nyingine isije ikachukua agizo lisilo lake. Ile 05 ni jina la njia: ukitua upande huo ndege inaelekea kama nyuzi 50 za dira. Ukija kwa upande wa pili, njia ileile inaitwa 23. Ile 1012 ni mgandamizo wa hewa wa siku hiyo, ambao rubani anauweka kwenye kipimo chake cha kimo. Akikosea kwa vizio 10 tu, kipimo kinamdanganya kwa karibu futi 300. Usiku kwenye mawingu, futi 300 ni uhai.

Angalia kitu kimoja. Rubani hakujibu "sawa" wala "nimeelewa". Kuna neno maarufu la redio, "Roger", ambalo kwenye sinema tunadhani ni "ndiyo". Siyo. Maana yake ni "nimepokea ujumbe wako wote wa mwisho," basi. Halisemi nimekubali, halisemi nitatekeleza. Kwa vitu vyenye hatari kama kimo, njia, mwelekeo na ruhusa ya kutua, "Roger" pekee haitoshi. Lazima namba yenyewe itoke mdomoni mwa aliyepokea.

Kisha kuna nusu ya pili ya kazi, ambayo wengi tunaisahau: aliyetoa agizo lazima asikilize marudio. Akisikia kosa, asahihishe palepale. Kwa hiyo mzunguko una hatua tatu: nasema, unarudia, nasikiliza ulichorudia. Ukitoa hatua ya tatu, ile ya pili inakuwa pambo.

Ajali ya kwanza: lilirudiwa vibaya, hakuna aliyesahihisha

Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya Flying Tiger ilikuwa inatoka Singapore kwenda Kuala Lumpur, Malaysia, ikikaribia kutua uwanja wa Subang. Ndani walikuwemo watu wanne. Mwongoza ndege alitaka washuke hadi futi 2,400. Alizitaja tarakimu moja moja: mbili, nne, sifuri, sifuri.

Sasa, kwa Kiingereza namba mbili inatamkwa sawasawa na kile kineno kinachomaanisha "hadi". Kwa hiyo "shuka, mbili nne sifuri sifuri" ikaingia masikioni kama "shuka hadi nne sifuri sifuri". Marubani wakajibu kwamba wamepata, nne sifuri sifuri. Yaani futi 400. Marudio yale yalikuwa na kosa waziwazi, na yalipita hewani bila kusahihishwa. Ndege ikaendelea kushuka mpaka ikagonga kilima, futi 437 juu ya usawa wa bahari. Wote wanne walikufa.

Hapo hatua ya pili ilifanyika, ya tatu ndiyo ilikosekana. Na upande wa marubani, karatasi za uwanja walizokuwa nazo zilionyesha kwamba kimo kile kilikuwa chini mno, na mtambo wa kuonya juu ya ardhi ulilia kabla ya kugonga. Namba iliyosikika mara moja ikawa na nguvu kuliko vyote.

Kwa mwalimu, somo ni hili: kumwambia mwanafunzi arudie haina faida kama wewe mwenyewe unageuka ubaoni anapoanza kujibu. Tumewaona. Mwalimu anauliza, mtoto anajibu, mwalimu anasema "vizuri, kaa chini," na jibu lilikuwa na kosa. Darasa zima sasa linajua kwamba lile kosa ndiyo jibu.

Ajali ya pili: lilisikika sawa, lakini lilikuwa na maana mbili

Hii ndiyo iliyonishika zaidi, kwa sababu hapa hakuna aliyesikia vibaya.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA namba 514, Boeing 727, ilikuwa inakwenda Washington, Marekani. Upepo ulikuwa mbaya, ikaelekezwa kutua uwanja wa Dulles. Ikiwa bado mbali, zaidi ya kilomita 70 kutoka uwanjani, mwongoza ndege aliwaambia wameruhusiwa kuanza kukaribia njia namba 12. Wakakiri kupokea. Kila neno lilifika salama.

Tatizo ni kwamba ile "mmeruhusiwa kukaribia" ilikuwa na maana mbili. Kwa marubani, ukiruhusiwa maana yake mwongoza ndege ameshahakikisha kuna usalama, kwa hiyo unaweza kushuka hadi kimo cha mwanzo cha kukaribia, yaani futi 1,800. Kwa mwongoza ndege, ruhusa ile haikuondoa wajibu wa rubani kukaa juu ya vilima mpaka avipite. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyebeba mzigo wa milima. Ndege ikashuka na kugonga mlima katika eneo la Mount Weather, Virginia. Watu wote 92 walikufa.

Linaloumiza ni kwamba shaka ilikuwepo. Kinasa sauti kilionyesha kuwa mle ndani marubani waliona kwenye karatasi yao kwamba kimo cha chini kabisa kwa sehemu ile kilikuwa futi 3,400. Wakalijadili wenyewe kwa wenyewe, wakalimaliza wenyewe kwa wenyewe, wakaendelea kushuka. Hawakubonyeza kitufe kuuliza.

Wiki sita hivi kabla, ndege ya shirika lingine, United, ilipitia mkanganyiko uleule kwenye uwanja uleule ikanusurika kidogo tu. United iliwaonya marubani wake. Wa mashirika mengine hawakujua. Ajali hii ndiyo iliyosukuma kuanzishwa, mwaka 1976, kwa mfumo wa taarifa unaosimamiwa na NASA, ambamo rubani au mwongoza ndege anaeleza tukio la hatari bila jina lake kutangazwa, ili wengine wote wajifunze.

Sisi Waswahili tunalijua hili la maana mbili kuliko watu wengi, kwa sababu ya saa zetu. Mwambie mgeni "tukutane saa mbili," halafu umsubiri. Kila mwaka wa kwanza hapa chuoni kuna mtu anayesoma 2:00 kwenye ratiba ya Kiingereza, kichwani inageuka saa mbili asubuhi, anakwenda kukaa darasani peke yake. Neno limefika, limerudiwa vizuri, na bado hamjaelewana. Wenzetu wa anga waliliona hilo mapema: dunia nzima wanatumia saa moja ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa masaa matatu. Rubani akiwa Mwanza, Muscat au Montreal, ratiba ya anga ni ile ile.

Kwa hiyo kurudia kunathibitisha maneno, hakuthibitishi maana. Kasuku naye anarudia. Darasani, ukimtaka mwanafunzi arudie fasili ya usanisinuru neno kwa neno, umepima masikio yake. Ukimwuliza, "Nikiufunika huu mmea kwa ndoo wiki mbili, itakuwaje?" hapo unapima kama yale maneno yana kitu ndani yake.

Ajali ya tatu: ujumbe haukusemwa kabisa

Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya Avianca, safari namba 52, ilitoka Bogotá kupitia Medellín, Colombia, kwenda New York. Ilikuwa na watu 158. Hali ya hewa pwani ile ilikuwa mbaya, ndege zimejaa, foleni ndefu. Avianca ikazungushwa angani kusubiri zamu mara tatu, jumla saa 1 na dakika 17. Mafuta yanaisha.

Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa anaongea kwenye redio, kwani Kiingereza cha nahodha kilikuwa dhaifu. Alisema wanahitaji kipaumbele. Alisema wanaweza kusubiri kama dakika tano tu. Alipoulizwa uwanja wao wa akiba, alijibu kwamba ulikuwa Boston lakini sasa hawawezi tena kufika. Ukisoma leo unaona wazi: huyu mtu anazama. Lakini neno moja halikutoka: "dharura", au ule mwito wa anga unaojulikana na kila mtu, "Mayday", unaotamkwa mara tatu. Neno "kipaumbele" kwa mwongoza ndege wa New York halikuwa mwito wa dharura. Na kwa vile ndege hukabidhiwa kutoka mtu hadi mtu, ile habari kwamba Boston haifikiki haikuwafikia waliompokea mwisho.

Wakajaribu kutua, upepo ukawashusha vibaya, hawakuiona njia, wakapanda tena. Hapo nahodha alimwagiza msaidizi wake awaambie kwamba wako kwenye dharura. Msaidizi akabonyeza kitufe, akarudia kwanza mwelekeo aliopewa, kama kawaida, kisha mwishoni akaongeza kwamba watajaribu tena na mafuta yanawaishia. Nahodha alipomwuliza kama ameshawaambia, alijibu kuwa tayari. Kidogo baadaye mwongoza ndege akaeleza kwamba atawazungusha kama maili 15 kisha awarudishe, akauliza kama hilo liko sawa kwao na mafuta yao. Jibu lilikuwa la adabu: nadhani ndiyo, asante sana.

Injini zikazimika moja baada ya nyingine. Ndege ikaangukia Cove Neck, Long Island. Walikufa 73, walinusurika 85. Wachunguzi wa Marekani walisema chanzo ni wahudumu wa ndege kushindwa kusimamia mafuta na kushindwa kutamka kwamba wako kwenye dharura kabla mafuta hayajaisha. Lakini waliongeza pia kwamba mpangilio wa foleni za ndege ulikuwa na kasoro, na kwamba hapakuwa na maneno sanifu yanayoeleweka na wote ya kueleza mafuta yamefikia hatua gani.

Baadaye maneno hayo yakawekwa. Leo kanuni za kimataifa zina kauli moja ya kusema "mafuta yangu yamefika kiwango cha chini, siwezi kuongezewa ucheleweshaji," na nyingine ya dharura kamili ambayo ni "Mayday" ikifuatiwa na neno la mafuta. Ukisikia hii ya pili, huna haja ya kukisia sauti ya mtu ina wasiwasi kiasi gani.

Nilipomaliza kusoma ripoti hiyo nilifikiria adabu zetu. Sisi tumelelewa kumwambia mkubwa jambo zito kwa kuzunguka: "Samahani mzee, kuna kajambo kadogo." Kajambo kadogo chenyewe ni nyumba inaungua. Adabu hiyo ni nzuri sebuleni. Ila kuna mahali ambapo kuzunguka kunamnyima mkubwa nafasi ya kukusaidia, kwa sababu hajui.

Lugha ya mtihani na lugha ya uhai

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 na lenye makao makuu Montreal, limeweka viwango sita vya Kiingereza kwa marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa. Cha kufanyia kazi ni cha nne kwenda juu. Wa kiwango cha nne anapimwa tena kila baada ya miaka mitatu hivi.

Kwa mtu wa Elimu, vigezo vyao vinavutia. Wanapima matamshi, muundo, msamiati, ufasaha, ufahamu na mwingiliano. Hawamtaki rubani aongee kama Mwingereza. Lafudhi inaruhusiwa, mradi isizuie kueleweka. Kwenye kipengele cha mwingiliano, mtu wa kiwango cha nne anatakiwa aweze kugundua kwamba hamjaelewana na kulimaliza kwa kuuliza, kuhakiki au kufafanua. Yaani kuuliza "sema tena" kunahesabiwa kuwa ni uwezo.

Hata namba zao wamezirahisisha kwa ajili ya ndimi za dunia nzima. Tatu hutamkwa "tri", bila ile sauti ya ncha ya ulimi inayowasumbua wengi. Tisa inaongezwa silabi, "naina", ili isifanane na tano. Lugha imeinama kumfuata mtumiaji.

Linganisha na kidato cha kwanza. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, anavuka kwenda sekondari, ghafla Biolojia, Jiografia na Hesabu zote ni Kiingereza. Mwalimu anauliza kama wameelewa, darasa linajibu kwa sauti moja. Kipimo chetu hapo kinampa alama nani? Anayenyamaza vizuri. Anayesema "mwalimu, sijaelewa, rudia" anachekwa. Sisemi lugha ya kufundishia ibadilishwe kesho, huo ni mjadala wa makala nyingine. Ninasema kwamba wakati lugha ni hii tuliyonayo, kumfundisha mtoto namna ya kusema "sijaelewa" ni sehemu ya somo, kama anga ilivyoifanya kuwa sehemu ya leseni.

Tunaokwenda TP tufanye nini?

Mwaka jana kwenye TP nilipangiwa shule yenye mikondo mikubwa, kidato cha kwanza wanafunzi zaidi ya 70 chumba kimoja. Mwalimu wangu mlezi alikuwa mtu wa Kemia. Kabla ya vitendo hakuuliza kama wameelewa. Alimwonyesha kidole mmoja wa nyuma: "Wewe, utaanza na nini?" Kisha mwingine: "Kwa nini siyo tindikali kwanza?" Dakika mbili, hazizidi. Hakuwahi kusikia habari za Subang wala Dulles, ila alikuwa anafunga mzunguko wote. Kutoka kwake na kutoka kwenye ripoti hizi nimejitengenezea mambo manne.

Moja, kwa maagizo yenye hatari au yenye gharama (maabara, safari, tarehe ya mtihani), mtu arudie kwa maneno, siyo kwa "ndiyo". Chagua anayejificha, usimchague yule wa mbele anayejua kila kitu.

Mbili, akirudia, msikilize mpaka mwisho, na kosa lisahihishwe hapohapo, bila kumvunjia heshima. Waongoza ndege hawamtukani rubani aliyerudia vibaya. Wanarudia namba.

Tatu, baada ya maneno, pima maana kwa swali la "ingekuwaje kama".

Nne, lipe darasa neno moja la dharura. Kitu kifupi kinachokubalika, mfano "Mwalimu, simama." Likisikika, somo linasimama, hakuna kuchekana. Bila neno hilo mtoto atabaki kusema nadhani ndiyo, asante sana.

Na huku mabwenini

Nimalizie na jambo ambalo si la darasani. Miongoni mwetu kuna watu wanaozunguka angani mafuta yakiwa yanaisha. Ada haijakamilika, bumu limechelewa, nyumbani kuna msiba, supu mbili zinasubiri na hofu ya kudisko haimpi usingizi. Ukimsalimia anakujibu "niko poa, napambana tu." Hiyo "napambana" inaweza kuwa ni "kipaumbele" ya Avianca.

Kwa aliye juu huko: tumia neno lenyewe. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, kwa kiongozi wa serikali ya wanafunzi, kwa mwenzako wa chumba, useme "nina dharura, nahitaji msaada leo." Siyo "kuna kajambo." Na kwetu tunaosikiliza: mwenzako akitaja kwamba hawezi tena kufika Boston, usijibu "sawa" ukaendelea na simu yako. Muulize waziwazi, "Hii ni dharura?" Na ukimpeleka kwa mwingine amsaidie, mweleze huyo mwingine habari nzima, maana huko kwenye makabidhiano ndiko habari hupotea.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Katika somo lako la kufundishia, taja maagizo matatu ambayo mwanafunzi lazima ayarudie kwa maneno yake. Kwa nini hayo?

2. Marubani wa TWA 514 walikuwa na shaka lakini hawakuiuliza redioni. Ni mambo gani darasani yanamfanya mwanafunzi amalize shaka yake na jirani yake badala ya kumwuliza mwalimu?

3. Je, inawezekana kumwambia mkubwa jambo la dharura kwa uwazi na bado ukabaki na heshima? Andika sentensi mbili za Kiswahili unazoweza kuzitumia, kisha mwenzako akurudishie alichoelewa.